Mianya ya Gitaa la Koleta

Vitus alipigwa kwa gitaa mchana kweupe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na aliyempiga alikuwa mkewe.

Alikuwa ametoka kwenye karakana yake ya useremala, iliyo kando ya barabara kuu pale Same, amekuja kuangalia kama Koleta amekula. Alimkuta amesinzia kitini, gitaa limelala mapajani, kanga imemteleza begani. Akainama amrudishie kanga. Koleta akafumbua macho, akaona mwanamume asiyemjua amemwinamia.

"Mwizi," alisema, kwanza kwa sauti ndogo, kisha akapaza.

"Mama Irine, ni mimi."

Haikufaa kitu. Koleta alisimama, akalikamata gitaa upande wa tumbo, akalizungusha kama mtu anayepura maharage. Kichwa cha gitaa kilimpata Vitus kwenye mfupa wa bega. Shingo ikavunjika, nyuzi zikalia zote kwa pamoja, kisha kimya. Vitus alirudi kinyumenyume mpaka nje, mikono ameinyoosha mbele ili mkewe aone kwamba hajashika kitu.

Jirani yao, Bi Chiku, mjane aliyekuwa akishona nguo barazani kwake, alisikia kelele. Alimkalisha Vitus kwenye mkeka, akamkanda bega kwa maji ya moto na chumvi, wala hakuuliza mengi. Yeye ndiye aliyekuwa akimtupia Koleta jicho wakati Vitus yuko kazini, na alikuwa ameshayaona mengi.

Walipoingia ndani pamoja, Koleta alikuwa ametulia. Alikuwa amechutama mbele ya mafiga, anachochea moto.

"Karibuni chai," alisema. "Kuni zilikuwa zimeisha, nimebahatisha kijiti hiki."

Kijiti chenyewe kilikuwa shingo ya gitaa. Vitus aliichomoa motoni, lakini kichwa kilikuwa kimeshageuka kaa. Alichoweza kuokoa ni funguo za kukazia nyuzi, tatu tatu kwenye vibati viwili vya shaba. Zilikuwa zimeungua zikawa nyeusi, na vishikio vyake vya plastiki vilikuwa vimeyeyukia majivuni. Aliziweka mfukoni zikiwa bado na joto. Kisha akakaa, akanywa chai iliyochemshwa kwa gitaa la mkewe, kwa sababu Koleta alikuwa amemkazia macho, anataka kujua kama sukari imetosha.

Gitaa hilo Koleta alikuja nalo alipoolewa. Kwao ni Ngujini, juu Ugweno, na mjomba wake Paschal alikuwa seremala wa huko aliyejifunza kuunda magitaa kwa kuyafungua mabovu ya watu na kuyachungulia tumboni. Alimtengenezea mpwa wake gitaa lenye kichwa cha namna ya zamani. Hakikuwa ubao mzima. Kilikuwa kimetobolewa mianya miwili mirefu, mmoja kulia na mmoja kushoto, na nyuzi zilizama humo ndani zikajizungusha kwenye vijiti vya funguo vilivyopita kutoka ubavuni. Kwa gitaa hilo Koleta alipigia kwaya ya parokia tangu akiwa bibi harusi mpaka nywele zikageuka rangi. Padri akihubiri, yeye alikaa benchi la mbele, gitaa amelisimamisha kati ya magoti, vidole amevitumbukiza kwenye mwanya mmoja, anausugua mti polepole. Kingo za mwanya huo zilikuwa zimelainika kama mpini wa jembe la zamani.

Ugonjwa ulianza kwa vitu vidogo. Mboga kutiwa chumvi mara mbili. Kiitikio cha wimbo kupotea katikati. Baadaye ikapotea njia ya kurudi kutoka kanisani. Daktari aliyempima Moshi alieleza kwamba ubongo unasinyaa, na kwamba dawa zilizopo zinapunguza mwendo tu, hazirudishi kilichokwenda. Wapo majirani waliosema mama huyu kachezewa na wachawi. Vitus aliwasikiliza kwa adabu na hakuwafuata. Binti yao wa pekee, Irine, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, alitaka kumchukua mama yake akakae naye.

"Huku anajua njia ya chooni," Vitus alimwambia kwenye simu. "Huko kwako atajifunza upya kwa akili ipi?"

Baba yake alimsikia akilia.

Kilichomuumiza Vitus zaidi kilikuwa lugha. Koleta alikulia katika Kigweno. Yeye Vitus ni wa Upare ya kusini, wa Vudee, na Chasu chake, lugha ya Wapare wa huko, na Kigweno cha mkewe havisikilizani. Maisha yao yote ya ndoa walikutana kwenye Kiswahili. Sasa Kiswahili kilikuwa kinamtoka Koleta kidogo kidogo. Siku nyingine alizungumza Kigweno kutwa, akicheka na kulalamika na kuuliza maswali, na mumewe akakaa mbele yake anaitikia kwa kichwa asijue anakubali nini.

Asubuhi iliyofuata baada ya gitaa kuungua, Koleta alitazama kona lilipozoea kuegemea.

"Gitaa langu liko wapi? Nani kaliazima?"

Vitus hakumwambia. Kumwambia ingekuwa kumpa msiba, naye angeusahau, kesho yake aulize tena, apewe msiba uleule upya. Akasema liko kwa fundi.

Tumbo la gitaa lilikuwa zima. Kwenye stoo ya kanisa kulikuwa na gitaa la kiwandani lililopasuka, halina mwenyewe. Vitus aliomba shingo yake, akaichonga mguu mpaka ukakaa, akaifunga na kuweka nyuzi mpya. Kichwa chake kilikuwa cha siku hizi, ubao mzima. Sauti ilikuwa nzuri. Alilileta nyumbani amelifuta vumbi, akaliweka mapajani pa Koleta.

Koleta alifurahi. Alilipapasa tumbo, akapitisha kiganja kwenye mbavu zake, akalitambua. Kisha mkono wa kushoto ukapanda shingoni, ukafika kichwani. Vidole vikatafuta pa kuingia. Vikagonga ubao, vikarudi, vikajaribu upande wa pili. Uso wake ukabadilika.

"Hili la nani?"

"Lako."

"Langu lina mianya." Alimrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. "Mrudishie mwenyewe, kaka. Atalitafuta."

Alimwita kaka. Vitus alilipokea.

Alijaribu tena siku nyingine, akidhani amesahau. Vidole havikusahau. Kila vilipofika kichwani vilikataa, na Koleta akalirudisha gitaa kwa mwenyewe. Ikawa anakaa kitini na mkono wa kushoto unasugua mshono wa sketi, anasugua mpaka uzi unatoka. Kisha akaanza kuacha chakula. Bi Chiku alimletea uji, akamletea makande laini, akamletea tende. Alionja, akaweka kando.

"Baba Irine," Bi Chiku alisema, "kama ni tundu anataka, si umtobolee tundu."

"Bi Chiku, si kama kutoboa tundu la kitasa mlangoni."

Lakini maneno hayo alitembea nayo. Vitus alikuwa mtu wa vitanda, makabati na fremu za madirisha. Kichwa cha namna ile hajawahi kukichonga, na cha kuigia kilikuwa majivu. Ndipo alipokumbuka kwamba mjomba Paschal alikuwa na gitaa lake mwenyewe, pacha wa lile. Paschal alikwisha kufariki, lakini binti yake Ernesta alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ileile kule Ngujini.

Alimwachia Bi Chiku ufunguo wa nyumba, akapanda basi la Mwanga. Kutoka Mwanga alichukua gari dogo la kupanda mlimani, na mwisho bodaboda. Same alikuwa ameiacha na upepo wake mkavu na vumbi la tambarare. Huku juu ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba, udongo unateleza, na dereva aliweka miguu yote miwili chini kwenye kila kona. Vitus alizitazama kahawa na mifereji ya maji, akawaza jinsi alivyomteremsha Koleta kutoka hapa akiwa msichana, akampeleka mahali ambapo mvua ni ya kuombewa.

Ernesta alikuwa mwanamke mzee mwenye mgongo ulioinama, na alimtambua kabla hajafika uani.

"Shikamoo, shemeji," Vitus alisema.

"Marahaba. Koleta yuko wapi? Mbona umekuja peke yako?"

Vitus alikuwa amejiandaa njia nzima kusema hajambo, anawasalimu. Akakaa kwenye kigoda, akaeleza yote. Hata bega aliligusa.

Ernesta alisikiliza mpaka mwisho. "Na hicho Kigweno anachozungumza, anasema nini?"

"Ndilo nililotaka kukuuliza pia. Kuna maneno anayasema kila jioni. Anasimama mlangoni, anaangalia juu, anayasema kwa wasiwasi, anayarudia. Nimedhani ni sala. Huwa namwitikia amina."

Akayatamka alivyoyasikia. Ernesta alimsahihisha neno moja.

"Anasema, fungeni mbuzi, mvua inakuja. Ilikuwa kazi yake akiwa mtoto. Mama yake alikuwa akimpigia kelele hivyo kila jioni kutoka jikoni."

Vitus alikuwa anazihesabu moyoni zile amina.

Gitaa la Paschal lilikuwa limetundikwa stoo, juu ya madebe ya maharage. Dumuzi walikuwa wameshalila. Ukilibonyeza tumbo, linatoa unga, na shingo ilikuwa nyepesi kama bua. Halingefaa kwa lolote, lakini kichwa kilikuwa bado na umbo lake. Vitus aliomba karatasi ya mfuko wa saruji, akailaza juu ya kichwa, akakichora kwa penseli: urefu wa mianya, unene wa kuta za pembeni, uti mwembamba uliobaki katikati, na mteremko mdogo upande wa shingoni, mahali nyuzi zinapoingia kwenye mwanya bila kukwaruza mti. Alipima nafasi za vile vijiti mara mbili, kisha akazipima tena.

Ernesta alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Koleta alikuwa hatulizi vidole tangu msichana," alisema. "Baba alimgombeza, akamwambia utalikwangua gitaa. Aliviweka mwanya upi? Wa nyuzi nene au wa nyuzi nyembamba?"

Vitus aliinua penseli. Kila Jumapili ya maisha yao alikuwa amekaa upande wa wanaume, akimwona. Aliona kichwa chake kikiinama, aliona kitambaa chake, alijua wimbo upi unakuja kwa namna anavyovuta pumzi. Vidole hakuvitazama.

"Sijui, shemeji."

Ernesta hakumlaumu. Alimfungia mkungu wa ndizi kwenye gunia na maharage mabichi, akasema ampikie Koleta bila mafuta mengi, kama walivyokuwa wakila.

Karakana ilikuwa na kipande cha mkangazi ambacho Vitus alikuwa amekiweka juu ya dari, kikavu, nyuzi zake za mti zimenyooka. Alikuwa akikitunza bila kujua anakitunzia nini. Alikata shingo kutoka humo, akakata na kichwa chake kwa kukilaza nyuma kidogo kama cha gitaa la Paschal, akabandika karatasi ya saruji juu yake, akaanza.

Cha kwanza alikiharibu. Alianza na mianya, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa akilini. Alitoboa tundu kila mwisho, akapitisha msumeno mwembamba, akakata mpaka vipande viwili virefu vikadondoka, akafurahi kuona mwanga unapita. Kisha akageuza kichwa ubavu ili atoboe njia za vijiti vya funguo. Ukuta wa pembeni ulikuwa umeshabaki mwembamba, hauna kitu nyuma yake cha kuushikilia. Keekee ilipotokea upande wa ndani iliyumba, tundu likaenda kombo, na la pili likaupasua ukuta wote kwa mlio mdogo, kama mtu kavunja kijiti cha meno.

Vitus alizima redio. Alikaa kwenye benchi na kile kichwa mkononi. Mteja aliyeagiza mlango alikuja, akasimama, akamwona, akasema atapita kesho.

Ilimbidi afikirie kinyume. Kipande cha mkangazi kilikuwa bado kinatosha shingo moja, na hakukuwa na cha tatu. Safari hii alianza na ubavuni, kichwa kikiwa bado ubao mzima wenye nguvu. Alikibana kwenye jiriwa kikiwa kimesimama, akaweka kibati cha zile funguo kama kipimo, akatoboa polepole, akichomoa keekee kila mara kutoa unga, mpaka njia zote zikafika kwenye uti wa katikati na kuishia humo. Ndipo akafungua mianya. Msumeno ulipita katikati ya njia alizokwisha kuzitoboa, na alipotumbukiza kijiti cha kwanza cha funguo kikavuka mwanya, kikaingia ng'ambo, kikazunguka bila kukwama. Alikizungusha mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hakuna aliyekuwepo wa kumwonyesha. Mtu ambaye angemwonyesha alikuwa nyumbani, na asingejua ni nani anayemwonyesha.

Vibati alivisugua kwa ndimu na majivu mpaka shaba ikarudi. Vishikio alivichonga kwa pembe ya ng'ombe. Vyuma vya shingoni alivihamisha kutoka kwenye ile shingo ya kanisani. Zikabaki kingo. Mianya ilikuwa mikali, mipya, na Vitus alijua Koleta ataikataa kama alivyoukataa ubao. Akaenda barazani kwa Bi Chiku.

"Bi Chiku, wewe umekaa naye sana. Akishika gitaa akapumzika, vidole alikuwa anaviweka upande gani?"

Bi Chiku hakufikiri hata kidogo. "Upande wa nyuzi nene. Cha shahada na cha kati. Na kidole gumba kwa nje, hapa." Alikamata mkono wa cherehani yake, akaonyesha. "Hukuwahi kuona?"

"Nimeona sasa."

Alirudi karakana. Alisugua mwanya wa nyuzi nene kwa tupa ndogo, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, kisha kitambaa chenye mafuta. Alipomaliza hayo aliendelea kwa vidole vyake, cha shahada na cha kati, gumba kwa nje. Jioni baada ya jioni alikaa kabla ya kufunga akisugua palepale, akijaribu kufanya kwa siku chache kazi ambayo mkono wa mkewe uliifanya miaka yote ile mbele ya macho yake. Mti ulianza kunywea. Ulipata bonde dogo, lisiloonekana ila kwa kuguswa.

Alilipeleka gitaa nyumbani alasiri. Koleta alikuwa amekaa kitini, amekonda, mshono wa sketi umefumuka. Vitus alilisimamisha gitaa kati ya magoti ya mkewe, kama kanisani, akasogea nyuma.

Mkono ulipanda. Vidole viwili vikaingia mwanyani, vikatulia. Koleta alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu sana bila kupiga, na Bi Chiku aliyekuwa mlangoni akajifuta uso kwa upindo wa mtandio. Kisha Koleta akalilaza gitaa mapajani, akazungusha funguo moja moja, sikio ameliinamisha, akazipatanisha nyuzi zote. Alipiga wimbo wa kwaya. Akapiga mwingine. Mikono haikukosea mahali.

Alipomaliza alimtazama Vitus kwa macho mazuri, yenye shukrani.

"Asante, fundi," alisema. "Umelitunza vizuri. Una familia?"

"Ninayo, mama."

"Mungu akutunzie." Alitazama dirishani, jua lilikuwa limeshashuka upande wa tambarare. "Sasa nenda, fundi. Mume wangu anarudi kazini saa hizi. Si vizuri akute mwanamume ndani."

Vitus alimtazama Bi Chiku. Bi Chiku alitazama chini.

Akatoka. Alisimama nje kwenye ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, hajui aende wapi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka tambarare, ukipeperusha mifuko barabarani. Ndani gitaa lilianza tena. Alikaa nje mpaka wimbo ukaisha. Kisha akajikung'uta unga wa mbao kwenye suruali, akanawa uso kwenye ndoo, akaenda mlangoni kama mtu anayefika.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Vitus."

Kiti kililia. Koleta alikuja mlangoni, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu masika akamshika mkono.

"Umechelewa, Vitus," alisema. "Fundi alikuja na gitaa. Mtu mpole. Ana huzuni, sijui kafiwa."

"Alikwambia jina lake?"

"Sikumuuliza. Ungemkuta ungempa hata chai."

Usiku huo Koleta alikula. Alimaliza sahani ya ndizi na maharage, akaomba nyingine.

Basi ikawa hivyo. Vitus akirudi kutoka kazini hakuingia moja kwa moja. Alipiga hodi, akajitaja jina, na siku nyingi jina hilo lilimfungulia. Koleta alimsimulia mambo ya mchana, mengine ya jana, mengine ya Ngujini, na Vitus alikuwa ameshajifunza kwa Ernesta, kwa simu, maneno machache ya Kigweno ya kuitikia. Jioni moja, Koleta alipowaambia watu wafunge mbuzi, alimjibu kwa Kigweno kwamba wameshafungwa wote. Koleta akaingia ndani akalala bila wasiwasi. Vitus alikuwa tayari kuishi hivyo mpaka mwisho. Aliona ndivyo anavyostahili.

Haikudumu. Mvua za vuli zilipoanza, alipiga hodi akasema ni Vitus, na mlango haukufunguliwa.

"Vitus yupi?"

"Mumeo."

"Mimi sijaolewa," sauti ilijibu, ya adabu, ya mbali. "Nyumbani kwetu wametoka. Njoo watu wazima wakiwepo."

Vitus aliweka paji la uso kwenye mlango. Usiku huo alilala karakana, Bi Chiku akabaki na Koleta. Alijaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Alijaribu kwa Kigweno. Siku ya nne alisimama mlangoni akiwa amechoka, msumeno bado mkononi, akasema, "Hodi, mama. Ni fundi. Nimekuja kuangalia funguo za gitaa."

"Karibu, fundi," alisema Koleta, na mlango ukafunguliwa.

Tangu hapo aliishi kwake kama fundi. Alipika kama fundi aliyebakia kusaidia, akampa dawa kama fundi aliyeagizwa na daktari. Kumwogesha alimwachia Bi Chiku, kwa sababu Koleta asingekubali, naye Vitus alimheshimu kwa hilo. Alilala chumba cha Irine.

Irine alikuja Krismasi. Baba yake alikuwa amemweleza kwa simu, lakini kuelezwa si kuona. Aliingia na begi, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akamshika miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti." Koleta alimpapasa kichwa kama anavyopapaswa mtoto wa mtu. Alikuwa amechangamka, anapenda wageni. "Karibu. Msalimie na huyu hapa. Ndiye fundi aliyenitengenezea gitaa."

Vitus alikuwa amesimama karibu na meza na sufuria ya wali. Irine aliinua macho, akamtazama baba yake. Vitus alitikisa kichwa kidogo, kumwambia aache tu.

Irine alimwinamishia kichwa. "Shikamoo, fundi," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Ana adabu," Koleta alimwambia Vitus. "Wazazi wake wamemlea."

Irine aliinuka akasema anakwenda kuangalia maji jikoni. Bi Chiku, aliyekuwa amefika kuwaletea biriani ya sikukuu, alilitua kapu lake mlangoni na kumfuata.

Koleta alikuwa ameshalichukua gitaa. Nyimbo alizobaki nazo zilikuwa chache, na nyingine zilikatika njiani. Alianza mmoja wa Noeli, akaenda nao vizuri mpaka ubeti wa pili, akasimama. Mkono ulibaki hewani. Akamgeukia Vitus.

"Unaendeleaje huu, fundi?"

Vitus aliweka sufuria mezani, akavuta kigoda karibu, na kwa sauti yake nene isiyojua kuimba akamwimbia mstari uliofuata.